Kabla hujanunua chujio la maji, yajue kwanza maji yako

Mwaka juzi nilimnunulia mama chujio la maji: ndoo mbili zilizopandana, ya juu ina mishumaa miwili ya kauri, ya chini ina koki. Nikalipeleka kijijini Handeni, moyo wangu umetulia. Hazikupita wiki tatu akanipigia: "Mwanangu, hiki chombo chako kimeziba. Tumerudi kwenye kuchemsha."

Kosa halikuwa la chombo. Lilikuwa langu. Nilinunua bila kujiuliza mama anachota wapi, na mama anachota lamboni.

Ndugu msikilizaji, mnatuuliza sana studioni: "Chujio gani ni zuri?" Jibu linaanzia kwenye maji yenyewe. Tuyatazame ya kwetu.

Maji ya lambo na ya mto. Malambo ya Handeni hukusanya maji ya mvua pamoja na udongo na kinyesi cha mifugo. Mto Pangani, unaopita Korogwe, nao hubeba tope wakati wa masika. Maji haya yana matatizo mawili: tope na vijidudu. Tope lisipoondolewa kwanza, litaziba chujio lolote.

Maji ya kisima kirefu. Mara nyingi ni meupe, lakini sehemu nyingi za Handeni yana chumvi. Mshumaa wa kauri hauondoi chumvi, hata ungekuwa wa bei gani. Chumvi huondolewa na mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno. Mtambo huo kwa kawaida huhitaji umeme, na sehemu ya maji humwagwa. Muuzaji akikuambia ndoo yake ya kawaida inaondoa chumvi, funga pochi yako.

Maji ya bomba. Mradi wa HTM umekuwa ukichukua maji ya Mto Pangani pale Tabora, Korogwe, na kuyapeleka Handeni tangu miaka ya 1970. Maji ya bomba yaliyotibiwa yana nafuu kubwa, lakini bomba likipasuka, au maji yakikaa kwenye dumu chafu, uchafu hurudi.

Jipime nyumbani

Jaza maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi. Isimamishe juu ya maandishi makubwa ya gazeti, kisha chungulia kupitia mdomo wa chupa. Kama huyasomi, maji hayo yana tope jingi mno kuyapeleka moja kwa moja kwenye chujio.

Yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha mimina ya juu taratibu. Wengine hutumia shabu, wengine mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa. Vyote hukusanya tope chini, ila havitoshi kuyafanya maji yawe salama. Kisha pitisha kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Usikidharau kitambaa: utafiti wa Bangladesh uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu.

Chujio linafanya nini hasa?

Mshumaa wa kauri una vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria wa kipindupindu na homa ya matumbo hunaswa. Virusi, kama vya homa ya ini aina ya A, ni vidogo zaidi na vinaweza kupenya. Kwa hiyo maji ya lambo au mto, hata yakishachujwa, yachemshe mpaka yatokote kabisa, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Usiweke klorini kwenye maji ya tope, maana tope huimaliza nguvu. Na lile chujio lenye mkaa ndani husaidia harufu na ladha. Kuua vijidudu si kazi yake.

Ndiyo maana napenda mfano wa Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Chujio lake, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, hupangwa kulingana na tatizo la maji ya mahali husika. Arusha, kwa mfano, shida kubwa ni floraidi. Ya Arusha si ya Kabuku wala Mombo.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Linatoa lita ngapi kwa saa? Nyumba ya watu 6, kila mtu akinywa lita 2, inahitaji lita 12 kwa siku. Linalotoa lita 1 kwa saa litafanya kazi saa 12 ndipo litosheleze.

Mshumaa mpya unauzwa wapi na kwa bei gani? Kama haupatikani Handeni mjini, Korogwe au Tanga, chombo hicho kitageuka pambo.

Linasafishwaje? Mshumaa husuguliwa kwa brashi laini na maji safi bila sabuni. Ukipata ufa, tupa. Maji yatapita kwenye ufa yakiwa na vijidudu vyote.

Lina alama ya TBS? Angalia mwenyewe, usiambiwe.

Na kama pesa ya chujio haipo, usikate tamaa. Kutuliza, kuchuja kwa kitambaa, kuchemsha, na kuhifadhi kwenye ndoo safi yenye mfuniko na koki ili mtu asichovye kikombe, hiyo ni kinga nzuri dhidi ya vijidudu.

Mama sasa ana ndoo ya tatu, ya kutulizia tope. Chujio ni lile lile, nami nilimwongezea brashi tu. Kila Jumamosi huisugua mishumaa, na maji yanashuka.