Kweli au Si Kweli: Jozi ya Karata za Njia ya Tabora

Vijana wetu wanaocheza karata za njozi wanayafahamu majoka, mazimwi na wachawi wa nchi ambazo hazikuwahi kuwapo. Wengi wao hawajawahi kufikiria kwamba njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikapumzika Tabora na kumalizikia Ujiji ina watu, mahali na misukosuko ya kujaza jozi nzima ya karata. Nayaandika haya kwa anayetaka kuichora na kuipanga jozi hiyo mwenyewe. Kanuni ninazozifuata ni za Magic: The Gathering, mchezo wa Mmarekani Richard Garfield, mwanahisabati, uliotoka mwaka 1993. Jozi ina karata 60 au zaidi, unaanza na 7 mkononi, na karata moja haiwi na nakala zaidi ya 4, isipokuwa ardhi za msingi. Ardhi ndizo zinazokupa nguvu ya kulipia karata nyingine zote.

Zipo imani kuhusu mchezo na zipo imani kuhusu njia yenyewe. Zote zinaweza kukuharibia jozi, kwa hiyo nazichambua kwa pamoja.

Michezo hii haina nafasi ya mada za kwetu.

Si kweli. Toleo la kwanza kabisa la nyongeza la mchezo huu, la Desemba 1993, lilitokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo babu zetu wa pwani walizijua vizuri kabla ya Garfield kuzaliwa. Mwaka 1996 likaja toleo la Mirage, lililojengwa juu ya bara la kubuni liitwalo Jamuraa, lenye sura ya Afrika kwa wanyama, mavazi na majina. Kwenye mashindano rasmi huruhusiwi kutumia karata ulizochora mwenyewe, hilo lazima lisemwe. Lakini barazani, na wenzako waliokubaliana kanuni, hakuna wa kukuzuia. Kata karatasi ngumu, ichore, ipachike mbele ya karata ya kawaida ndani ya kifuko cha plastiki, na mchanganyo utakwenda sawasawa.

Mada ni picha na majina. Kanuni zinabaki zilezile.

Si kweli, na hapa ndipo jozi nyingi za mada zinapofia. Ukichora simba ukamwandika jina la Mirambo, mtemi wa Urambo, una simba. Mada inakaa katika jinsi karata zinavyotegemeana mezani. Msafara ulikuwa na tabia zake: watu wengi, kila mmoja na mzigo wake, chakula cha kila siku, kiongozi wa mbele, ushuru wa njiani, maji yanayokosekana. Tabia hizo ndizo ziandikwe kama kanuni. Mchezaji asiyejua lolote kuhusu Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, anapaswa kuhisi, baada ya zamu tatu au nne, kwamba anaongoza kundi la watu wenye njaa, wenye haki zao na wenye hiari ya kuondoka.

Wapagazi walikuwa watumwa.

Si kweli kwa walio wengi, na natamani kosa hili lifutike hata nje ya mchezo. Watumwa walipitishwa njia hii, na baadhi walibebeshwa mizigo. Lakini mhimili wa njia katika karne ya 19 ulikuwa mpagazi wa Kinyamwezi mwenye ujira. Wanyamwezi hawakungoja mtu wa pwani awafundishe kusafiri. Walikuwa wakifanya biashara ya chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma baina ya nchi zao, na mwanzoni mwa karne hiyo walikwisha kufika pwani na pembe zao wenyewe za ndovu. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Wahindi kama Musa Mzuri, waliingia Unyamwezi baadaye, wakiifuata njia ambayo wenyeji walikuwa wameikanyaga.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, ukiacha mkeka, sufuria na chakula cha mbebaji mwenyewe. Wenye nguvu zaidi walibeba pembe kubwa begani. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora Novemba 1857, enzi hizo ikijulikana kwa wageni kama Kaze, aliwaona wakiwa wamefunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe na kutundika vyombo vyao upande wa pili. Mbele yao alikwenda kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, naye hakupitwa na mtu. Malipo yao yalikuwa doti za vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na masango ya waya. Posho ikipunguzwa, waligoma. Bwana wa msafara akizidisha ukali, walitua mizigo wakatoroka usiku. Na mvua zikikaribia, wengi walitaka wawe kwao kwa kilimo.

Sasa yaweke haya kwenye karata. *Mpagazi wa Pembe*: anagharimu nguvu moja, anabeba mzigo mmoja. Mwanzoni mwa kila zamu lipa posho. Usipolipa, anatua mzigo na kurudi mkononi mwako. *Kirangozi*: wapagazi wako wote wanaongezeka nguvu akiwa mezani. *Mvua ya Kwanza*: wapagazi wote wa pande zote mbili wanarudi mikononi mwa wenyewe. Hii ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha mchezaji kuhesabu majira kama alivyohesabu mfanyabiashara aliyekaa Tabora akingoja watu wa kumpeleka pwani.

Karata zikiwa nyingi, jozi inakuwa na nguvu zaidi.

Si kweli, na hesabu inathibitisha. Una nakala 4 za Kirangozi. Katika jozi ya karata 60, uwezekano wa kumpata angalau mmoja katika zile 7 za mwanzo ni asilimia 40. Ukiongeza karata mpaka 90 kwa sababu umeshindwa kumwacha fulani na fulani, uwezekano unashuka mpaka asilimia 28. Anayependa mada yake ndiye anayekosea hapa, kwa sababu kila mtu wa historia anamvutia. Kata. Zibaki 60.

Ardhi ni karata za kujazia nafasi.

Si kweli. Kipimo kilichozoeleka ni kama ardhi 24 katika 60. Ukiweka 12 tu ili upate nafasi ya mashujaa, zaidi ya nusu ya michezo yako, kama asilimia 57, utaanza na ardhi moja au bila ardhi kabisa, ukabaki kumtazama mwenzako akicheza. Ukiweka 24, balaa hilo linashuka mpaka kama asilimia 14.

Katika mada hii ardhi zina utajiri kuliko nyingine nyingi. Bagamoyo inatoa vitambaa. Uvinza inatoa chumvi. Mpwapwa ina maji kabla ya kuingia Ugogo, na Ugogo wenyewe unadai hongo, yaani ushuru wa njiani, kwa kila msafara unaopita, kwa hiyo mpinzani alipe nguvu moja zaidi ukiwa umeiweka. Mgunda Mkali haitoi kitu; inakausha. Tabora iwe ardhi ya kupumzisha watu na kubadilisha bidhaa yoyote kwa nyingine, kwani ndivyo ilivyokuwa: njia zilipogawanyika, ya Ujiji upande wa magharibi na ya Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, ziligawanyikia hapo.

Msafara bila ngamia si msafara.

Si kweli. Ngamia ni wa jangwani. Hapa palikuwa na inzi wa ndorobo, na mifugo ya mizigo ilikufa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda kumtafuta mpelelezi David Livingstone, alianza safari na farasi wawili na punda kadhaa, na farasi wote wawili wakafa mapema. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne wa Kihindi washushwe Msasani na kupelekwa bara, nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Bega la mtu ndilo lililobeba kila kitu. Ukitaka karata ya mnyama, mchore *Tembo wa Leopold*: mkubwa, ghali, na kila zamu anapoteza nguvu.

Mirambo ni wa rangi nyeusi, maana alikuwa jambazi.

Si kweli. Katika mchezo huu nyeusi ni rangi ya tamaa isiyojali gharama, nyekundu ni ya moto na kasi, nyeupe ni ya jeshi na utaratibu. Jina la ujambazi alipewa na waliopigana naye. Mwaka 1871 wafanyabiashara wa Tabora walimwendea vitani, Stanley akiwa upande wao, wakashindwa; ruga-ruga, wapiganaji wa Mirambo, wakachoma sehemu ya Tabora, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Mwaka 1876 Stanley yuleyule alikutana na Mirambo, wakachanjiana udugu, akaandika kwa kumsifu uungwana wake. Mtemi huyu aliunganisha nchi ndogo ndogo chini ya Urambo na kutaka faida ya njia inayopita kwake iwe na sehemu yake. Alipokufa, Desemba 1884, dola yake haikudumu. Mpe nyekundu na nyeupe, na kanuni hii: akitoka mezani, ruga-ruga wako wanatawanyika.

Stanley alimkuta Livingstone Tabora.

Si kweli. Walikutana Ujiji, Novemba 1871, kisha wakaja pamoja Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako Livingstone alibaki miezi kadhaa ya 1872 akingojea wapagazi.

Karata za bei ghali ndizo zinazoshinda.

Nusu kweli, na kwa jozi ya kujichorea haikuhusu.

Utumwa usiguswe kabisa, huu ni mchezo.

Nusu kweli. Sikubali karata inayomfanya mtumwa kuwa kitu cha kutoa kafara ili mchezaji apate nguvu. Nimeona michezo inayofanya hivyo kwa watu wa nchi nyingine, na haistahili kurudiwa kwa mababu wa watu wanaoishi leo Tabora na Ujiji. Lakini kuuficha ni kusema uongo kuhusu njia. Uweke upande wa mpinzani: *Mnyororo*, karata inayomnyang'anya mtu wako na kumzuia asifanye lolote. Na weka ya kuufungua. Karata ya *Soko la Unguja Lafungwa, 1873* isifungue minyororo yote kwa mpigo, kwa sababu haikuwa hivyo; bara utumwa uliendelea miaka mingi baadaye. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, anafaa kuongoza jozi ya upinzani: pembe nyingi, bunduki nyingi, na kila anachokipata kina gharama kwa wengine.

Jozi ya mada haiwezi kuwa na uwiano.

Si kweli. Huu hapa mpango: ardhi 24, watu wa msafara 16, kwa aina nne zenye nakala nne nne, mizigo 8, matukio 8 kama hongo, mgomo, kiu na mvua, magwiji 4, kila mmoja nakala moja. Magwiji wangu ni hawa wanne. Kwanza, Mirambo. Sidi Mubarak Bombay, aliyewahi kuwa mtumwa, akahudumu katika misafara ya wapelelezi, ya Burton na Speke, ya Stanley na ya Cameron, na kupewa nishani ya fedha na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Isike, mtemi wa Unyanyembe, nchi ilipo Tabora, aliyelipua ghala lake la baruti Wajerumani walipoivunja ngome yake mwaka 1893, ambaye akitoka mezani anaondoka na karata za adui. Na Karunde binti Fundikira, aliyeolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, akaufunga ukoo wa watemi wa Unyanyembe na biashara ya Unguja.

Kabla hujachora karata ya kwanza, fika Kwihara ukaione tembe ya Livingstone, ambayo leo ni makumbusho. Kisha waulize wazee wa Unyanyembe na Urambo majina ya watemi na vituo vya njia, uyaandike kwenye karata kama wao wanavyoyatamka.