Jasi na Udongo wa Bura: Sifa, Chimbuko na Matumizi ya Madini Yasiyo na Msifu

Utangulizi

Aghalabu yanapotajwa madini, fikra za wengi hukimbilia vito. Hutajwa tsavoriti ya kijani ichimbwayo Taita Taveta, rubi nyekundu, au rodokrositi, yaani kabonati ya manganizi yenye rangi ya waridi, ambayo hupendeza mno inapokatwa na kung'arishwa. Madini yasiyo na rangi ya kuvutia hubaki bila msifu, hata pale ambapo manufaa yake kwa umma ni makubwa kuliko ya vito hivyo.

Miongoni mwa madini hayo ni jasi. Neno hili si geni katika lugha yetu. Limetoholewa kutoka Kiarabu, na nchini Tanzania hutumika kila siku na wachimbaji wa Makanya, wilayani Same, na wa mkoa wa Lindi. Hapa Kenya jasi hupatikana El Wak katika Kaunti ya Mandera, Kajiado, na katika nyanda kame za Kaunti ya Tana River, kaunti yenye maeneobunge matatu: Bura, Galole na Garsen. Makala hii inanuia kueleza sifa za jasi na namna inavyojiumba, kisha kuonyesha kwa nini mkulima wa Bura anapaswa kuijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Sifa za jasi

Kikemia, jasi ni salfeti ya kalisiamu iliyoshikamana na maji. Kila molekuli ya salfeti hiyo hubeba molekuli mbili za maji ndani ya fuwele, kiasi kwamba takribani asilimia 21 ya uzito wa jasi safi ni maji. Jiwe hilo ukilishika ni kavu kabisa, lakini sehemu moja kati ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani.

Jasi safi huwa nyeupe au angavu kama kioo. Ikichanganyika na udongo au chuma, hugeuka kuwa ya kijivu, ya manjano au ya hudhurungi. Ni laini sana: katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho huanzia 1 kwa ulanga na kuishia 10 kwa almasi, jasi hupewa 2. Rodokrositi tuliyoitaja hufikia baina ya 3.5 na 4. Kwa hiyo ukucha wa kidole hutosha kuikwaruza jasi, ilhali hauwezi kuikwaruza rodokrositi wala mawe ya chokaa.

Kipimo cha pili ni cha tindikali. Jiwe la chokaa, kwa kuwa ni kabonati, hutoa mapovu likidondoshewa siki kali. Jasi haitoi mapovu. Msomaji anayeokota jiwe jeupe katika mbuga za Tana anaweza kuvitumia vipimo hivi viwili, ukucha na siki, kutofautisha jasi na chokaa bila maabara yoyote.

Sifa ya tatu ni jinsi jasi inavyoathiriwa na moto. Ikipashwa joto la takribani nyuzi 150 za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga mweupe. Unga huo ukikorogwa na maji huyarudisha maji yaliyopotea, hujenga fuwele upya na kuwa mgumu kwa muda wa dakika chache. Ndiyo plasta inayofungia mfupa uliovunjika hospitalini, na ndiyo inayopamba dari za nyumba za kisasa. Isichanganywe na chokaa iliyojenga nyumba za mawe za Lamu na kupamba zidaka zake. Chokaa ile hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa joto kali lipatalo nyuzi 900, nayo hukauka polepole kwa kufyonza hewa ya kaboni.

Sifa ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi katika kilimo: jasi huyeyuka majini, ila kwa kiasi kidogo. Lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 2.4 za jasi, ilhali lita hiyo hiyo huweza kuyeyusha zaidi ya gramu 350 za chumvi ya mezani.

Jinsi jasi inavyojiumba

Chimbuko kuu la jasi ni ukavukaji wa maji. Mfano wake uko karibu na Garsen, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Hapo maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachwa yapigwe na jua. Maji yanapopungua, mada zilizoyeyuka ndani yake hujitenga kwa zamu. Kwanza hutuama kabonati ya kalisiamu. Yanapobaki maji kiasi cha thuluthi moja hadi humusi moja hivi ya yale ya awali, hutuama jasi. Chumvi ya kula hungoja hadi sehemu tisa kati ya kumi za maji zimekwisha kukauka. Ndiyo sababu mabwawa hupangwa kwa mfululizo: jasi hubaki katika mabwawa ya kati, nayo chumvi ikavunwa katika ya mwisho.

Mambo hayo yaliyopangwa na mwanadamu pale Marereni yametendwa na maumbile duniani kwa mamilioni ya miaka, katika ghuba zilizozibwa na maziwa yasiyo na njia ya kutokea. Aidha kuna njia ya pili, ambayo hutokea ardhini katika nchi kame. Maji ya chini ya ardhi yenye kalisiamu na salfeti hupanda juu kupitia vinyweleo vya udongo, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Yanapokaribia uso wa ardhi hukauka, na jasi hubaki ikiwa vipande, sindano au matabaka membamba. Nyanda za Tana ni mashapo yaliyokusanywa na mto na bahari juu ya ardhi tambarare, na mvua ya Bura ni takribani milimita 400 tu kwa mwaka. Ni mazingira mwafaka kwa madini ya aina hii.

Ikipata nafasi, utulivu na muda, jasi huweza kukua ajabu. Katika pango la mgodi wa Naica, nchini Meksiko, mnamo mwaka 2000 wachimbaji walikuta fuwele za jasi zenye urefu unaozidi mita 10.

Maradhi ya udongo wa Bura

Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulibuniwa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia pamoja na wahisani wengine, na walowezi wa kwanza walifika mwaka 1981. Walitoka pembe nyingi za Kenya, wakaungana na Wapokomo, Waorma na Wawardei wa eneo hilo. Pamba na mahindi ndiyo yaliyokuwa mazao makuu, na maji yalivutwa kwa pampu kutoka mto Tana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi uliporomoka, hasa kwa sababu ya gharama na hitilafu za pampu, kabla ya kufufuliwa katika karne hii.

Masaibu ya pampu yanajulikana na wengi. Yasiyosemwa sana ni ya udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya udongo wa Bura ni mfinyanzi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi, na tabaka lake la chini lina chumvi na sodiamu, ile ile iliyomo katika magadi. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, hivyo huvuta madini yenye chaji chanya. Zikishikwa na kalisiamu, hukusanyika katika vidonge vyenye nafasi za kupitisha maji na hewa. Zikishikwa na sodiamu, husukumana na kutawanyika. Matokeo yake ni kwamba udongo ukilowa huwa tope linaloziba kila kinyweleo, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Maji husimama juu, mizizi hukosa hewa chini, na mbegu hushindwa kupasua gamba la juu.

Hapo ndipo jasi inapokuwa dawa. Ikisagwa, ikachanganywa na udongo na kumwagiliwa maji, huyeyuka polepole na kutoa kalisiamu. Kalisiamu huiondoa sodiamu katika chembe za mfinyanzi na kukalia mahali pake. Sodiamu iliyofukuzwa hushikamana na salfeti, nayo huyeyuka upesi na kuchukuliwa na maji. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini isitumiwe chokaa, ambayo pia ina kalisiamu? Jibu ni kwamba katika udongo wenye ualikali mkali, chokaa karibu haiyeyuki kamwe, hivyo kalisiamu yake hubaki imefungwa.

Jambo hili huweza kujaribiwa hata darasani. Tia kidonge kikavu cha udongo katika glasi ya maji safi ya mvua, bila kukoroga, uache kwa saa kadhaa. Wingu la tope likienea lenyewe kuzunguka kidonge, kuna dalili ya sodiamu nyingi. Rudia kwa maji yaliyochanganywa na unga wa jasi. Wingu likipungua au likikosekana, udongo huo una uwezekano wa kunufaika. Jaribio hili ni la kuelekeza tu. Kiasi cha jasi kwa hekta hakina budi kukadiriwa kwa vipimo vya maabara.

Masharti ya dawa

Dawa hii ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni maji. Kwa kuwa lita moja huyeyusha gramu 2.4 tu, tani moja ya jasi huhitaji zaidi ya mita za ujazo 400 za maji, sawa na kina cha milimita 42 hivi juu ya hekta moja. Sharti la pili ni mitaro ya kutolea maji. Sodiamu ikiondolewa katika mfinyanzi bila kupewa njia ya kutoka shambani, jua litaipandisha tena juu, na mkulima atakuwa amepoteza jasi, maji na jasho. Vilevile, mahali penye jasi nyingi ardhini pawe pa tahadhari kwa wajenzi wa mifereji, kwani maji yakivuja huiyeyusha, mashimo yakatokea na kingo zikabomoka.

Rasilimali ni ya nani?

Soko kubwa la jasi ni viwanda vya saruji. Klinka ikisagwa peke yake na kutiwa maji huganda papo hapo. Huongezwa jasi kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ili fundi apate muda wa kufanya kazi. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji una jasi ndani yake. Biashara hii ni halali na ina faida, lakini inazua suala la haki. Katiba ya 2010 inayaweka madini yote katika ardhi ya umma, chini ya amana ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Jamii isiyojua jina la jiwe linalopakiwa malorini itawezaje kuidai asilimia yake, au kudai mashimo yafukiwe kabla ya mifugo kutumbukia?

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba jasi ni madini laini, yenye maji ndani yake, yaletwayo na ukame, na kwamba kuyeyuka kwake kidogo kidogo ndiko kunakoifanya dawa ya udongo wa sodiamu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kaunti moja ina jasi na ina udongo unaoihitaji. Kinachokosekana ni vipimo vya udongo kwa kila shamba, mitaro, na maarifa yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mkulima anaielewa. Hayo mawili ya kwanza ni kazi ya wahandisi na serikali. La tatu ni letu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tuyaandike maarifa hayo mapema, kwani udongo upate uli maji.