Manahodha wengi, chombo huenda mrama

Wasikilizaji wapenzi, nyumba ya jirani yangu iliwahi kuungua usiku. Zimamoto walifika, polisi walifika, mgambo nao hawakukosa, na mfanyabiashara mmoja mwenye moyo mwema akaleta gari lake la maji. Nilihesabu watu wanne waliokuwa wakitoa amri kwa sauti kubwa. Mmoja alitaka ukuta ubomolewe, mwingine akakataza. Lile gari la maji lilisimama kwenye kona robo saa nzima, limejaa, kwa sababu dereva hakujua aripoti kwa nani. Watu walitoka salama, mali haikutoka. Tangu siku hiyo najiuliza: tulipungukiwa maji, au tulipungukiwa uongozi?

Wamarekani, pamoja na utajiri wao, waliwahi kukabiliwa na swali hilo hilo. Mwaka 1970 mioto ya nyika ilishambulia jimbo la California. Katika siku 13 watu 16 walikufa, majengo yapatayo 700 yaliteketea, na zaidi ya ekari nusu milioni ziliungua. Magari yalikuwapo na wapiganaji wa moto walikuwapo. Lakini kila kikosi kilikuja na mkuu wake, redio zake na msamiati wake. Hata neno "tanka" lilikuwa na maana mbili: kwa hawa ni gari la maji, kwa wale ni ndege ya kumwaga maji. Hebu fikiria, umeomba ndege ukaletewa lori!

Baada ya janga hilo, idara za zimamoto za California na idara ya misitu ya serikali kuu zilikaa pamoja zikatunga utaratibu mmoja wa kuongoza tukio. Misingi yake si ya kutisha. Kwanza, kila tukio lina mkuu mmoja anayejulikana. Anayefika wa kwanza ndiye anayeanza kuongoza, hata kama cheo chake ni kidogo; akija mwenye uwezo zaidi, wanakabidhiana waziwazi na wote wanaambiwa. Pili, kila mtu ana bosi mmoja tu. Tatu, bosi hasimamii watu wengi kupita kiasi. Watano ndiyo kipimo chao. Nne, kazi hugawanywa mafungu: utendaji, mipango, ugavi, na fedha. Moto wa jikoni, mtu mmoja hubeba mafungu yote. Moto wa soko zima, kila fungu hupata mkuu wake. Tano, kwenye redio husemwa lugha ya kawaida, si namba za siri ambazo kikosi jirani hakizijui. Na pale ambapo polisi na zimamoto wote wana madaraka kisheria, wakuu wao husimama mahali pamoja na kutoa mpango mmoja.

Mtu atauliza, kama dawa ilikwisha kupatikana, mbona Wamarekani waliumia tena? Ni kwa sababu haikunywewa na wote. Septemba 11, 2001, mjini New York, mnara wa kusini ulipoanguka, ule wa kaskazini ulibaki umesimama dakika 29 zaidi. Polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona hatari wakaonya kwa redio zao. Onyo hilo halikuwafikia wakuu wa zimamoto, ambao redio zao zilikuwa nyingine. Siku hiyo zimamoto 343 walipoteza maisha. Machi 2004 serikali ya Marekani ikatangaza mfumo wa taifa zima wa kusimamia matukio, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2005 jimbo au mji usioukubali ungekosa fedha za serikali kuu za kujiandaa na maafa.

Hapa ndipo penye somo, wasikilizaji. Wengi wa zimamoto wa Marekani ni wa kujitolea: fundi, mkulima, mwalimu, mwenye duka. Mchana wako kazini. Ukiwapelekea kitabu kinene na fomu za kujaza, watazijaza ili fedha zisipotee, na moto utakapowaka watarudia mazoea yao. Cheti hupatikana upesi kuliko ustadi.

Msaada wa kweli ni mwingine. Masomo ya mwanzo hutolewa bure kwa intaneti, mtu akasoma usiku akiwa nyumbani. Kisha wakuu wa zimamoto, polisi na hospitali hukaa mezani na ramani, wakaulizwa: basi limepinduka hapa, nani anaongoza, magari yasubiri wapi, majeruhi wapitie njia gani? Ndipo huja zoezi la uwanjani, na baada yake kikao cha kuambizana makosa bila kutafutana ubaya. Zaidi ya yote, utaratibu hutumiwa kila siku, hata kwa ajali ya gari moja. Asiyeuzoea kwenye ajali ndogo hataukumbuka kwenye kubwa.

Sisi je? Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona, 19 walikufa. Msaada wa kwanza siku zote ni wa jirani; wa taifa huja baadaye. Basi utaratibu wowote tutakaouandika Dodoma au Nairobi lazima uwe na mahali pa yule mvuvi: afikie wapi, aripoti kwa nani, apewe kazi gani. Kama haumjui, hautatufaa.

Namba ya zimamoto hapa Tanzania ni 114, na ni vyema kila nyumba iijue. Lakini nawaomba mfanye na jambo la pili. Katika mkutano ujao wa mtaa wenu, ulizeni swali moja tu: leo usiku moto ukizuka hapa, nani ataongoza mpaka zimamoto wafike, na atamkabidhi nani? Mkijibiwa majina manne, mjue kwamba lile gari la maji bado limesimama kwenye kona.

Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.