Mchoraji na atangulie tingatinga Thika na Ruiru

TINGATINGA aghalabu huwa la mwisho kufika katika kiwanda kinachobomolewa. Hutangulia wanunuzi wa vyuma chakavu. Hung'olewa mabati, kisha mabomba na fremu za madirisha, hadi zikabaki kuta tupu. Kwa hivyo, mchoraji anayetaka kuhifadhi sura ya maeneo ya viwanda ya Thika na Ruiru hana budi kuanza wakati jengo lingali zima, hata kabla bango la ujenzi mpya halijasimikwa langoni.

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913 na mji ukakua kando yake: mananasi ya mikebe, ngozi, nguo, kemikali, magari. Wapo waliouita Birmingham ya Kenya. Viwanda vya nguo nchini viliyumba miaka ya 1990, masharti ya uagizaji bidhaa yalipolegezwa na mitumba ikafurika sokoni. Kisha ikaja barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa Novemba 2012, nayo ardhi ikapanda bei. Huko Ruiru, mashamba ya kahawa yamegeuka miji. Tatu City pekee ni ekari 5,000. Mwenye ghala kuukuu akipiga hesabu siku hizi, ghala hushindwa na fleti.

Je, mchoraji aanzie wapi? Aanze na rangi, maadamu hapo ndipo Thika inapomrahisishia kazi. Udongo mwekundu wa Kiambu, kutu iliyotambaa juu ya bati na ile ngeu inayouzwa madukani kama rangi ya kuchorea, vyote hupata wekundu wake kwa oksidi ya chuma. Udongo ukichekechwa, ukasagwa laini na kuchanganywa na gundi, huwa rangi kamili isiyopauka juani. Vumbi lililoganda ukutani kwa miaka hamsini laweza basi kuchorwa kwa vumbi lenyewe.

Mwanga ni suala jingine, na hauna subira. Thika iko takriban digrii moja tu kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupanda karibu wima na kivuli hufupika upesi. Ikifika saa nne asubuhi, ukuta uliokuwa na mikunjo na nyufa huonekana bapa kama karatasi. Saa za kazi ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Tena, ukuta unaotazama kusini hupata jua mwezi Desemba, na unaotazama kaskazini hulipata Juni; asiyelijua hilo atasubiri nusu mwaka bure.

Bawabu naye aelezwe mapema. Mtu anayekodolea macho lango la kiwanda kwa saa tatu hushukiwa, na si ajabu. Ghala likiwa tupu, mwenyewe aweza hata kumruhusu mchoraji aingie: Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilifunguliwa mwaka wa 2003 ndani ya lililokuwa ghala katika eneo la viwanda.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika michoro ya aina hii ni kuchora magofu bila watu. L. S. Lowry, Mwingereza aliyechora viwanda vya Salford na Manchester, alitumia rangi tano tu, lakini picha zake zimejaa watu wanaokwenda kazini na kurudi. Thika pia, kiwanda ni ile foleni ya alfajiri kutoka Makongeni na Kiandutu, ni kibanda cha chai na mandazi, ni baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Fleti zikijengwa, hivyo ndivyo vitakavyotoweka bila kuandikwa katika ramani yoyote.

Hatimaye, nyuma ya kila picha paandikwe jina la kiwanda, barabara, tarehe na kilichokuwa kikitengenezwa humo. Katika miaka yangu kwenye meza ya uhariri nimepitisha picha kadhaa zenye maelezo "kiwanda kimoja Thika," na nimejuta kila mara. Asiyejua na amuulize mzee anayeuza njugu ng'ambo ya lango. Huenda alifanya kazi humo, na anakumbuka dohani ile ilikuwa ya nini.