Njia ya Kusikia ya Mtoto Njiti

Mtoto azaliwaye kabla ya majuma 37 ya mimba huitwa njiti, jina litajalo wembamba wake, wala halitaji kasoro zisizoonekana. Akifika majuma 36, tangu hedhi ya mwisho ya mamaye, hali angali akihitaji oksijeni ya ziada, huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mapafu. Sikio lake huweza kuwa zima. Lakini vipimo vya umeme vimeonyesha kwamba sauti hukawia njiani, katika shina la ubongo, hasa sehemu yake ya juu. Upungufu wa oksijeni hudhaniwa kuwa ndio chanzo. Basi mama wa Mnyambe, wilayani Newala, apigapo makofi na mwanawe akashtuka, hajapata jibu kamili. Wala neno kiziwi halimfai mtoto huyo. Yapasa apimwe kwa chombo.