Simu ya garini nayo hupiga hodi

SHUKRANI zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T), aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya majini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake. Amma baada ya hayo.

Sisi wakazi wa Kibiti na delta ya Rufiji tunavijua vipando vya aina zote mbili. Mtu wa Kiongoroni au Maparoni hutoka kwa boti, akashukia mathalani Nyamisati, akatafuta gari la kumfikisha Bungu, ndipo akaikuta barabara kuu iendayo Dar es Salaam kwa upande mmoja, Lindi na Mtwara kwa upande wa pili. Katika safari hiyo gari huwa ni nyumba ya muda. Ndani yake wamo mzee, mgonjwa, mama na mtoto, na pengine mtu baki aliyeombewa lifti. Na kila nyumba ina adabu zake.

Leo tunapenda kuzungumza na familia za Kiislamu juu ya vitu viwili vilivyomo ndani ya nyumba hiyo, ambavyo wengi huvitumia bila kuvifikiria: simu inayozungumzwa kupitia spika za gari, na tundu la umeme lililo chini ya dashibodi.

Mikono iko huru, je, akili?

Magari mengi ya familia nchini yameletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kule, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90, au 95 kwa zile za karibuni, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Kwa sababu hiyo wengi hununua kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Kifaa hicho husoma fleshi, huunganishwa na simu kwa Bluetooth, kisha huirusha sauti kwenye redio ya gari kwa masafa yasiyotumiwa na kituo chochote. Magari mapya zaidi yana mfumo huo ndani kwa ndani, na kitufe cha kupokelea simu kimewekwa kwenye usukani.

Hapana shaka kwamba kuzungumza hivyo ni afadhali kuliko kuibana simu baina ya sikio na bega. Lakini tusidhani kwamba hatari imekwisha. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya kupata ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa zaidi kuliko ile inayoshikwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mkono umerudi kwenye usukani, lakini akili imekwenda kwa mpigaji.

Tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva anayetazama kioo cha simu kwa sekunde tano tu, ili aone nani anapiga, amekwenda zaidi ya mita 110 bila kuiona njia. Hata akipunguza hadi kilomita 50 kwa saa, mwendo unaotakiwa penye makazi ya watu, sekunde tatu za kughafilika ni zaidi ya mita 40. Katika mita hizo 40 huweza kuvuka mbuzi, bodaboda, mtoto wa madrasa au mzee atokaye kuswali. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Basi itakuwaje kwa anayewatupa na wenziwe?

Hodi katika nyumba ya watu wengi

Lipo jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Simu ya mkononi huingia katika sikio moja. Simu ya spika huingia katika masikio ya wote waliomo garini. Mpigaji hajui hivyo. Yeye anadhani yuko na ndugu yake faragha, kumbe anasikilizwa na watu sita.

Tunalikumbuka tukio moja katika gari tulilokuwamo. Mama mmoja alikuwa anapelekwa Dar es Salaam kumwona mwanawe aliyelazwa hospitali. Gari lilikuwa halijafika Bungu. Simu ya dereva ikaita, naye akabonyeza kitufe kama alivyozoea. Jamaa aliyepiga hakutoa salamu wala hakuuliza nani yumo. Alisema kwa haraka kwamba kijana amekwisha kufariki, na akataka mama asiambiwe mpaka afikishwe kwa shangazi zake. Sauti ilitoka katika spika zote nne. Mama yule alikuwa kiti cha nyuma, spika iko ubavuni pake.

Hatulisimulii hili ili kumlaumu mtu. Jamaa alikusudia kumsitiri mama, na dereva alikusudia kuweka mikono yake kwenye usukani. Kilichokosekana baina yao ni hodi.

Na hodi ni jambo la dini kabla ya kuwa la mila. Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba za wengine mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi, kwani hilo ni safi zaidi kwao. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari (r.a), Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba mtu aombe ruhusa mara tatu, asipopewa arejee. Sisi tunaona kwamba simu inayoita ni hodi inayopigwa. Anayepiga mara nane mfululizo kwa mtu aliye njiani anagonga mlango wa nyumba inayokimbia.

Mafundisho ya dini yetu pia yanayahesabu mazungumzo ya watu kuwa ni amana. Habari za talaka, deni, posa, maradhi ya mke au ugomvi wa mirathi si za kumwagwa mbele ya abiria. Isitoshe, vile vifaa vinavyorusha sauti kwa FM havina pazia. Gari lililo karibu, redio yake ikiwa katika masafa yaleyale, huenda likanasa maneno hayo.

Mtungi mmoja, wanywaji wengi

Tuje kwenye tundu la umeme. Betri ya gari dogo ni mfano wa mtungi wa nyumbani. Injini inapozunguka, mtungi hujazwa. Injini ikizimwa, kila anayechota anapunguza.

Soketi ile hutoa volti 12, na katika magari mengi makubwa volti 24, hivyo chaja isiyofaa kwa 24 isichomekwe humo. Mara nyingi soketi ya gari dogo hulindwa na fyuzi ya ampia 10 au 15. Kumi mara volti 12 ni wati 120 tu. Chaja ya simu hutumia wati 10 hivi na haina taabu. Birika au pasi ya umeme hutaka wati 1,000 na zaidi, nayo haiwezekani hapo hata kwa inveta. Fyuzi ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kilekile. Kuunga kipande cha waya mahali pake ni kuualika moto ndani ya gari. Wazazi nao wawazuie watoto kutumbukiza sarafu katika tundu hilo.

Jokofu dogo la kuhifadhia insulini la wati 60 huchota ampia 5. Betri ya ampia-saa 45 ingekauka kwa saa tisa injini ikiwa imezimwa, na nguvu ya kuwasha gari huisha mapema zaidi ya hapo. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara yetu huko Somanga, magari yalikwama pande zote mbili. Katika hali kama ile, tundu hili ni rehema kubwa, lakini kwa mwenye kujua kuligawa: dawa ya mgonjwa kwanza, simu moja ya mawasiliano pili, muziki na michezo ya watoto mwisho kabisa.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwa familia yenye gari, na kwa misikiti yenye gari la wagonjwa na mazishi, tunashauri haya.

Simu ya dereva ipewe anayekaa pembeni yake, yeye ndiye apokee na ajibu. Pasipokuwa na mtu, iachwe iite mpaka gari lisimame mahali salama. Ikibidi kupokea kwa spika, neno la kwanza baada ya salamu liwe: "Niko njiani, na wenzangu wanasikia." Anayepiga naye aulize kwanza, "Uko wapi, na nani?" Akiambiwa dereva yuko barabarani, aage bila kuona vibaya. Habari ya msiba isipokewe kwa spika hata kidogo. Qur'ani inaposomwa redioni, simu izimwe mlio, maana katika Suratul A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa kuisikiliza na kunyamaza, na si adabu kisomo kikatizwe na habari za bei ya korosho.

Kuunganisha simu, kuchagua kisomo na kuchomeka chaja kufanyike gari likiwa bado limesimama, kisha isomwe ile dua ya kipando iliyomo katika Suratuz Zukhruf. Ndani yake tunakiri kwamba chombo hiki hatukukitiisha kwa nguvu zetu, na kwamba kwa Mola wetu ndiko marejeo.

Wabillahi tawfiiq.