Wageni wa Vuli Hawali Mtama

Ukimwaga mtama bustanini mwezi Oktoba, watakaoushukia ni shomoro, tetere na kwera, wenyeji wako wa mwaka mzima. Wageni waliotoka Urusi, Skandinavia na Asia ya Kati watapita juu yake bila hata kuutazama. Ukiwa Pwani na ukaweka makombo ya wali, utakuwa umewaandalia karamu kunguru, nao wakishashiba kwako huenda kutafuta mayai na makinda ya wengine.

Desturi ya kuning'iniza mbegu bustanini tumeiona kwa Wazungu, na kwao ina maana, kwa sababu ndege wanaobaki huko kipindi cha baridi wengi ni wala mbegu. Wanaokuja kwetu ni wale walioshindwa kubaki. Baridi ikiingia wadudu huadimika, na mdomo mwembamba wa kudonolea viwavi hauwezi kubangua alizeti. Mgeni wa namna hiyo sahani yake ni majani ya miti yako.

Mfano mzuri ni yule ambaye wataalamu humwita Phylloscopus trochilus: kijani iliyofifia mgongoni, njano hafifu kifuani, mstari mweupe juu ya jicho. Uzito wake ni kama gramu 9, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari, na uzito huo umevuka Sahara. Mtafute asubuhi kwenye mgunga. Hatulii. Hupita tawi kwa tawi akichungulia upande wa chini wa majani, mara apepee hewani kumnyofoa mdudu, mara atoweke. Ndege huyu hubadilisha manyoya yake yote mara mbili kwa mwaka, mara ya pili akiwa huku Afrika, jambo ambalo ndege wachache sana hulifanya. Kuotesha manyoya mapya kunataka chakula kingi, kwa hiyo mti uliopuliziwa dawa ya wadudu mwezi Novemba haumfai kitu. Viwavi wachache kwenye majani ya waridi mimi ningewaacha.

Aliye rahisi zaidi kumtambua ni Muscicapa striata, wa kijivu, mwenye michirizi kifuani. Hukaa wima kwenye waya au juu ya ua wa kayaba, hurukia mdudu, kisha mara nyingi hurudi pale pale alipokuwa. Ukishakijua kituo chake, huhitaji darubini.

Kitu unachoweza kuwawekea wote ni maji. Chombo kiwe kipana na kina kisizidi sentimita 5, na ndani yake weka jiwe la kusimamia. Kiweke kivulini, karibu na kichaka cha kukimbilia, lakini pasiwe mahali paka anapoweza kujibanza. Yabadilishe maji kila siku, vinginevyo utafuga mbu.

Mvua za vuli ndizo zinazopanga ratiba. Wasafiri wengi hutua kwanza Ethiopia na Sudan, wakala huko kwa majuma kadhaa, kisha wakashuka kusini mvua inapoamsha wadudu. Ndiyo maana jioni ya kumbikumbi haipaswi kukupita. Wanapoanza kutoka ardhini, toka nje utazame juu: mbayuwayu na keremkerem watakuwa wanawadaka hewani. Ukibahatika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, utaona kundi la kozi wadogo wa Amur, waliozaliwa upande wa China na Siberia na kuvuka Bahari ya Hindi wakitokea India. Kumbikumbi wana mafuta, na mafuta ndiyo nishati ya safari. Usiwazoe wote kwa ajili ya kikaango.

Liko jambo la taa pia. Ndege wadogo wengi husafiri usiku, na usiku wa ukungu usio na mwezi mwanga mkali huwavuta na kuwapoteza. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, taa za hoteli iliyo ukingoni mwa mteremko ndizo zilizofichua siri hiyo. Tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu, hasa Novemba na Desemba, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachia. Baadhi ya pete hizo zimepatikana baadaye Ulaya na Mashariki ya Kati. Ngulia kuna mikono ya kuwapokea. Kwenye ukuta wa vioo nyumbani kwako hakuna. Zima taa za nje usizozihitaji, na kwa vioo vikubwa bandika alama kwa upande wa nje, zikiachana kama sentimita 5. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ya dirisha hakizuii chochote, ingawa watu wanakipenda.

Ukimwona mgeni wa kwanza, andika tarehe na mahali. Kenya rekodi kama hiyo hupokewa na mradi wa Kenya Bird Map, na Tanzania na Tanzania Bird Atlas. Andika pia siku ya mwisho kumwona, kwa kawaida Machi au Aprili. Tarehe hiyo wengi huisahau, kwa sababu ni rahisi kumwona aliyefika kuliko kugundua kwamba ameondoka.